Aliyemwosha Shafii

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisi ya mashtaka ya Iringa nikiwa na suti nyeusi ya kuazima kwa dada yangu, na mtu wa kwanza kunipokea alikuwa polisi. Alinibebea mkoba, akanionyesha meza yangu, akaniambia chai nzuri inauzwa kwa mama gani. Wakili Mfawidhi, yaani mkuu wa mawakili wa serikali pale, alisubiri aondoke, kisha akasema, "Huyo ndiye atakayekuletea mashahidi, vielelezo na watuhumiwa. Ukigombana naye, utasimama mbele ya jaji na suti yako tu."

Nilicheka, maana hata suti yenyewe haikuwa yangu. Baadaye niliacha kucheka.

Ninyi vijana mnaosomea sheria mnafikiri wakili wa serikali anachunguza uhalifu. Hachunguzi. Anasoma jalada aliloletewa. Akiona ushahidi unatosha, anaandaa hati ya mashtaka. Usipotosha, analirudisha na maelekezo. Anayepeleleza ni polisi. Sasa mtu akifia mikononi mwa polisi, jalada lake anaandika nani? Wahenga walishatuonya kuhusu kesi ya nyani kumpelekea ngedere, na mimi nimesoma majalada ya ngedere mengi. Yalikuwa na mwandiko mzuri. Marehemu alianguka. Marehemu alikuwa na pumu. Marehemu alijinyonga kwa mkanda ambao, kwa utaratibu, alipaswa kuuacha kaunta kabla ya kuingia mahabusu. Nilikuwa nikiyarudisha na maelekezo, nayo yananirudia bila majibu. Hasira ile nilihama nayo kituo hadi kituo kama godoro, mpaka nilipofika Mbeya na mvi zangu za kwanza.

Mbeya ndiko nilikokutana na jalada la Shafii.

Shafii alikuwa kijana wa Soweto, pale pale mjini. Alikuwa akinunua mpunga mashambani Madibira, akiukoboa na kuuza mchele sokoni. Polisi wa kituo kimoja, ambacho sitakitaja, walimkamata kwa tuhuma za kuiba pikipiki, na hakutoka hai. Jalada lilisema aliteleza chooni. Pikipiki yenyewe ilikuja kupatikana Iyunga, kwa mtu mwingine kabisa.

Familia yake ni Waislamu, wajukuu wa wafanyabiashara waliopanda huku kutoka pwani zamani. Kwao maiti hakawizwi. Huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa na kuzikwa, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Polisi wa kituo kile walilijua hilo vizuri. Waliwakabidhi ndugu mwili asubuhi, kwa upole mwingi, na gari wakatoa. Daktari aliyepaswa kuuchunguza alifunua shuka hadi kifuani, huku askari wamesimama pembeni na ndugu wanamngoja nje, akaandika kwamba hakuna jeraha kubwa. Alasiri Shafii alikuwa kaburini, na wajomba zake walikwenda kituoni kushukuru kwa gari.

Nilipofika kwenye habari ya gari nilifunga jalada nikatoka nje kupunga upepo. Niliporudi nilijiuliza swali moja: ni nani aliyeuona mwili wote? Hakuwa daktari. Alikuwa mwosha maiti.

Nilimwomba mkuu wangu, Mfawidhi wa Mbeya, atuombee mpelelezi kutoka mkoa mwingine. Alivua miwani.

"Mama, polisi ndio miguu yetu. Ukiikata utatembelea nini?"

"Nitatembelea magoti, bosi. Lakini nitafika."

Alinung'unika, ila barua aliiandika, na hilo sitamsahaulia. Tukaletewa Inspekta mmoja, mtu mrefu wa maneno machache. Nilimwuliza kama haoni taabu kuwapeleleza wenzake. Akasema, "Nguo hii naivaa kila siku, mama. Walioichafua siwezi kuwafulia."

Tulikwenda pamoja kwa Bi Zainabu, mama yake Shafii. Inspekta aliinama kwenye kizingiti akasema, "Shikamoo, mama." Yule mama alimtazama sare yake, akageukia kwangu, akanikaribisha kiti. Ninyi mnajua uzito wa shikamoo kuachwa ikining'inia mlangoni. Inspekta hakukasirika, alibaki amesimama. Bi Zainabu akaniambia kwamba tangu msiba haipiti barabara ya kituo. Akienda sokoni anazungukia mtaa wa nyuma, kwenye tope, na mafuta ya kichwa yanamyeyuka kwa jua, bora asiwaone.

"Mi siwataki walipe kitu," alisema. "Nataka waseme walimfanya nini. Watu huku wananipa pole ya mtoto mwizi aliyefia chooni. Hiyo pole siiwezi."

Aliyemwosha mwanawe alikuwa Mzee Athumani, fundi cherehani wa mtaa ule. Tulimkuta dukani kwake anapinda suruali ya shule. Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho huku mguu unakanyaga cherehani.

"Mama wakili, mimi nimeosha tangu kijana," akasema. "Kwetu mwosha akiona la aibu kwa maiti, hulifunika. Hamwambii mkewe, hamwambii nduguye. Nikiondoka pale nimeshasahau."

"Lakini mzee, huyu aliuawa."

"Mwosha huoshwa, mwanangu. Na mimi siku yangu itafika, nitalala vile vile, uchi, mikononi mwa watu. Nikimwanika Shafii leo mahakamani, nani atanisitiri mimi?"

Mfawidhi alitaka nimpelekee samansi, ile hati ya kumlazimisha shahidi kufika mahakamani. Nilikataa. Samansi huleta miguu ya mtu kizimbani, haileti ulimi wake. Nimeona mashahidi wa kulazimishwa: wanakumbuka mvua ilinyesha, basi. Na kwa kesi hii sikuwa na kingine. Mahabusu mmoja alisikia kelele usiku ule, lakini hakuona kitu. Bila Mzee Athumani, askari watatu tuliowashuku wangerudi kaunta, na Bi Zainabu angeendelea kukanyaga tope maisha yake yote.

Nilikwenda kumweleza Bi Zainabu kwamba nimekwama. Alichukua mtandio wake, akatoka, nami nikamfuata mpaka kwenye duka la cherehani. Hakukaa hata alipopewa kigoda.

"Kaka Athumani," alisema, "aibu unayoificha si ya mwanangu."

Cherehani ikasimama. Mzee aliangalia mikono yake kwa muda, ile mikono, na mimi nilitamani niwe mahali pengine. Kisha akamwomba Bi Zainabu ampe nafasi akamwone shehe wake kwanza. Kesho yake alikuja mwenyewe ofisini, amevaa kanzu, akasema shehe amemwambia kinachositiriwa ni aibu ya marehemu. Dhulma aliyofanyiwa ni haki yake, na haki ya maiti haizikwi. Akaketi. Inspekta akaandika maelezo yake.

Kwa maelezo hayo hakimu alitupa kibali cha kufukua kaburi. Bi Zainabu aliridhia kwa sharti moja, kwamba Mzee Athumani awepo. Daktari bingwa wa serikali aliifanya kazi yake taratibu, bila askari wa kumsimamia wala ndugu wa kumharakisha, akakuta mbavu zimevunjika na mifupa ya nyayo imepasuka. Alipomaliza, mzee alimfunika Shafii upya kwa sanda aliyoishona mwenyewe.

Kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu. Askari watatu walikuwa kizimbani, na asubuhi ile niligundua kwamba mmoja wao ndiye aliyezoea kunipisha kwenye ngazi za mahakama na kuniita mama. Mzee Athumani aliapa, akasimama ameshika ukingo wa kizimba cha mashahidi. Niliogopa atakumbuka mvua. Nikamwuliza alianzia wapi kumwosha marehemu.

"Kulia, kama inavyotakiwa. Nikaja kushoto. Kote nilikuta michubuko, nikasema labda kweli ameanguka. Nikafika miguuni." Jaji akangoja, kalamu juu. "Nyayo zilikuwa zimevimba na kupasuka, zote mbili. Nilizimwagia maji polepole kama mtu anayeweza kuumia. Nilijua haumii. Lakini ndivyo nilivyofanya."

Wakili wa utetezi alisimama, akafungua karatasi zake, akasema hana swali zito. Aliuliza kuhusu mwanga wa chumba tu, akakaa.

Wawili walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, wakaenda gerezani. Wa tatu, yule wa ngazi, aliachiwa, kwa kuwa haikuthibitika kwamba alikuwa zamu. Wapo walioniambia adhabu ilikuwa ndogo, na mimi nisingebishana nao. Lakini jaji aliisoma hukumu kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, kwamba Shafii hakuiba na wala hakuteleza, na nilisikia kifua changu kinafunguka. Nililala siku ile mchana kweupe, na viatu vyangu miguuni.

Nje ya mahakama Mzee Athumani alinipa mkono. "Nilidhani nimemwanika," alisema. "Kumbe leo ndio nimemaliza kumwosha."

Sasa nimestaafu, niko kwetu Iringa na miparachichi yangu, ambayo haina rufaa. Vijana mkinitembelea mnaniuliza kama nilishinda kesi nyingi za namna ile. Nilishinda chache. Majalada mengine yalikufa mezani kwangu na bado nayakumbuka majina yake. Ila polisi walewale niliowahofia kuwakosa hawakunikimbia. Waliendelea kuniletea mashahidi, na wengine waliniamkia kwa adabu kuliko mwanzo. Ukimtenga mwovu, mwema hupumua. Hilo nililiona kwa macho, msije mkatishwa na mtu anayewaambia mtatembelea magoti.

Juzi Bi Zainabu alinipigia simu. Kila akipata mchele wa Madibira hunitumia kidogo, na huwa anapiga kuniambia basi gani limeubeba. Tukaongea habari za afya, za mvua, na za Mzee Athumani ambaye macho sasa yanamsumbua hata hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Kisha akaniambia kwamba asubuhi ile mtaa wa nyuma ulikuwa umejaa maji, akaona uvivu kuzunguka, akapita mbele ya kituo.

"Yupo askari kijana alikuwa anafagia pale mlangoni," akasema. "Akaacha ufagio, akaniamkia shikamoo."

Nikangoja.

"Nikamwitikia marahaba, mama wakili. Ilitoka yenyewe."