Tarehe Kwenye Kadi ya Kipindupindu

Jumanne nilipanga foleni katika zahanati ya Shauri Moyo pamoja na wengine wanaotaka kuvuka mpaka kwenda Uganda. Siku hizi za kipindupindu huvuki bila kadi ya sindano, na kadi yenyewe huanza kukubaliwa siku ya sita baada ya kudungwa.

Mbele yangu alikuwa mama muuza samaki wa soko la Gikomba, leso kiunoni. Mamake amefariki huko ng'ambo, anazikwa Jumamosi. Alipokwisha kudungwa akanyoosha kadi. Karani akahesabu siku kwa vidole, akamhurumia.

"Mama, nitakuandikia tarehe ya wiki jana. Nani atajua?"

Mama akaivuta kadi kabla muhuri haujashuka.

"Andika ya leo. Kwa ploti yetu wapangaji wawili wameugua. Matangani tunanawa beseni moja, kijiji kizima. Unataka nirudi tena kuzika shangazi zangu?"

"Lakini ni mamako!"

"Ndiyo. Na sasa hana haraka. Nitamkuta kaburini."

Akapewa tarehe ya leo. Akafuta jicho moja kwa ncha ya leso, akaenda zake.

Nimeona watu wakijigaragaza matangani mpaka wanashikwa na wanaume wanne. Hakuna hata mmoja aliyemfikia kwa upendo huyu anayebaki nyumbani.

Karani akanigeukia, muhuri umeinuliwa tena. "Na wewe nyanya, unasafiri lini?"

Safari yangu ilikuwa Alhamisi, na mkobani nilikuwa na maandazi ya kumlainisha karani anirudishie tarehe nyuma.

"Andika ya leo," nikamwambia, nikarudi nyumbani kuyala mwenyewe.