Nyumba niliyochora ilishinda tuzo ya chuo, mwenye nyumba hakulala ndani hata siku moja

Wakuu, nawasalimu popote mlipo.

Haya ninayoandika sijayapunguza wala kuyatia chumvi. Kuna sehemu najitetea na kuna sehemu najianika, mtajua wenyewe. Kiswahili changu ni cha Uvira kilichokulia kambini Nakivale, kwa hiyo mkikuta "fasi" na "mingi" msinirudishe darasani.

Mimi ni mwanafunzi wa architecture mwaka wa nne, chuo kimoja hapa Mbarara. Jina la chuo nabaki nalo.

Ni mkimbizi, nasoma kwa scholarship, na kwetu Nakivale ni mimi wa kwanza kuingia darasa la kuchora nyumba. Mama yangu akipita sokoni wanamwita Mama Enjinia. Nimemweleza mara mingi kwamba architect si enjinia, hataki kusikia.

Sasa ukiingia ukurasa wa habari na mafanikio wa chuo utanikuta. Nimesimama mbele ya nyumba ya udongo, pembeni yangu mama mzee wa Kirundi kajifunga kitenge cha kijani. Wameandika kwamba mwanafunzi wetu ameshinda tuzo ya makazi bora ya wakimbizi, na mwenye nyumba sasa anaishi kwa utulivu.

Simu yangu imejaa hongera. Ndiyo maana nimekuja kuandika huku.

Ilianza na kazi ya studio. Kila mwanafunzi atafute familia halisi, awahoji, achore nyumba. Mchoro bora unajengwa kweli.

Wenzangu walihangaika Isingiro na vijiji vya hapa Mbarara. Mimi nikapanda taksi hadi Rwekubo, nikachukua boda, nikaingia nyumbani kwetu Nakivale nimevaa kitambulisho cha chuo shingoni. Nilijiona mutu mukubwa, siwafichi.

Nilimchagua mukecuru Spesioza. Mukecuru ndivyo Warundi wanavyomwita bibi kwa heshima. Mjane, anaishi peke yake, analima maharage na mtama nyuma ya kanisa katoliki. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, upande mmoja umeshalala.

Nikatoa fomu, nikamuuliza.

Chumba kimoja cha kulala kinatosha? "Ego, mwanangu." Ego ni ndiyo ya Kirundi.

Dirisha likae juu? "Ego."

Mlango mmoja wa mbele unatosha? Akatazama chini kidogo. "Ego, ni vizuri. Murakoze." Yaani asante.

Nikatia tiki.

Hapa nisimame kidogo, maana msiowahi kuishi kambini mtaniona mjinga kwa sababu isiyo sahihi.

Kwetu mgeni akija na karatasi hatumwambii hapana. Ukimwambia hapana anafunga faili, mradi unavuka kijiji cha pili. Watu wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, basi kwetu hiyo si methali, ni namna ya kuishi. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo niliulizwa na mgeni mmoja kama unga wa njano wa msaada ni mtamu. Nikasema mtamu sana. Ulikuwa mchungu, jamani, na ulituumiza tumbo.

Kwa hiyo ile "ego" niliijua. Nimeisema maisha yangu yote. Ila siku ile karatasi ilikuwa mkononi mwangu, nikaiandika kama jibu.

Turudi kwenye mchoro.

Kilichoibeba nyumba yangu ni ukuta wa nyuma. Matofali ya udongo ya kushindilia, nikayapanga na matundu madogo madogo yanayopitisha hewa na mwanga. Asubuhi jua likipiga, sakafu yote inajaa madoa ya mwanga. Mwalimu wetu wa studio, Mnyankole mmoja asiyesifia ovyo, aliangalia ule ukuta muda mrefu akasema, "Hii sasa iko kitu."

Nikachaguliwa. Wiki ya ujenzi nikapewa fundi Nestor, Mrundi, jirani yake mukecuru.

Tulipofika nyuma, Nestor akauliza, "Dada, mlango wa nyuma tunaacha wapi?"

Nikamwambia kwenye plan haupo, ukuta huu haukatwi.

Akaniangalia. Akaangalia plan. Akasema, "Sawa, nyinyi ndio mmesoma," akaendelea kupanga tofali.

Wakuu, Nestor amejenga nyumba kambini miaka na miaka. Hakuna hata moja aliyoijenga bila mlango wa nyuma. Wala sikumuuliza kwa nini.

Nyumba ikaisha, katekista akaibariki, tukanywa soda. Mukecuru akanishika mikono yote miwili akanishukuru mpaka nikaona aibu.

Kama wiki tatu baadaye nikarudi Jumamosi asubuhi kupima joto la ndani, data ya presentation. Nikabisha, kimya. Nikasukuma mlango.

Ndani pamefagiliwa vizuri. Kitanda kimetandikwa, shuka imenyooka kama ya dukani. Hapakuwa na dalili kwamba mtu alilala pale.

Nikazunguka nyuma. Mukecuru alikuwa jikoni kwake, yaani nguzo nne na shitingi ya plastiki juu, pande mbili wazi. Mkeka chini, blanketi limekunjwa, rozari juu yake.

Nikadhani anaogopa kuchafua nyumba mpya. Nikamtania, "Mukecuru, umeiweka nyumba museum?"

Hakucheka. Akanisogezea kigoda nikae.

"Mwanangu, nyumba yenu ni nzuri. Ila ina mlango mmoja. Mume wangu na watoto wangu wawili walikufa katika nyumba ya mlango mmoja. Wauaji walikuja, wakasimama pale pale mlangoni. Mimi nilikuwa shambani. Sasa nikijilaza ndani naangalia mlango mpaka kunakucha. Hapa jikoni naweza kutoka huku, naweza kutoka kule. Hapa napata usingizi."



Wakuu, nililijua hilo pia! Baba yangu, tulipotoka Kabazana, kituo cha kupokelea wageni, kupewa kiwanja, kabla hata ya kuchimba choo alichana shitingi yetu upande wa nyuma akaifunga kwa kamba inayofunguka kwa mkono mmoja. Nimelala karibu na ule mpasuko miaka sita. Halafu nikaenda chuo nikausahau, kwa ajili ya madoa ya mwanga sakafuni.

Nikamwambia nitaweka mlango. Na kama ningeuweka wiki ile ile, huu uzi usingekuwepo.

Lakini majaji walikuwa wanakuja baada ya wiki tatu kupiga picha na kukagua. Ukitoboa ule ukuta, tuzo imekwenda. Bila tuzo nilijiambia scholarship yangu itatikisika. Hakuna aliyeniambia hivyo, niliogopa mwenyewe.

Nikampigia magoti kabisa. "Mukecuru, vumilia kidogo, wageni waje wapige picha, kisha tutatoboa."

Akasema, "Ego, mwanangu."

Mliosoma mpaka hapa mmeshajua hiyo ego maana yake nini. Na mimi nilijua. Nikapanda boda nikarudi Mbarara.

Mvua ikaanza. Zile za kwetu, zinazokuja na upepo kutoka ziwani na kulaza chini mgomba mzima. Jiko la pande mbili wazi halizuii kitu. Majirani walimwita kwao, akasema hataki kusumbua watu. Akaanza kukohoa.

Majaji walipokuja alikohoa mbele yao. Akajifunga kitenge chake kizuri, akasimama pembeni yangu, picha ikapigwa. Ndiyo hiyo mnayoiona. Mmoja wao akampa pole ya mafua.

Majaji wakaondoka, ukuta sikuutoboa siku ile. Nilijiambia kuna slides za kumalizia, nitakuja Jumamosi.

Jumatano Nestor akanipigia. Mukecuru amefariki kituo cha afya. Mapafu.

Tulimzika Alhamisi. Baada ya mazishi Nestor alinivuta pembeni. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Aliniambia kwamba mvua ya kwanza tu alikwenda na nyundo atoboe ukuta bure, kazi ya saa moja. Mukecuru alimkataza. Alimwambia, "Binti alisema tusubiri wageni. Tusimharibie."

Mimi nililia, ndiyo. Lakini kulia si kazi, na Ijumaa asubuhi nilikuwa jukwaani Mbarara na suti ya kuazima.

Nikaeleza ukuta. Nikaeleza hewa na mwanga. Jaji mmoja mama akauliza, mwenye nyumba anaionaje nyumba?

Nikasema anaipenda sana.

Udongo wa kaburi lake ulikuwa bado kwenye viatu vyangu, wakuu. Nikapiga picha na cheti.

Sitaki mnifariji. Nimeambiwa "ulikuwa na pressure", "mzee alikuwa na umri wake". Najua alikuwa na umri. Alikuwa na umri na nyumba kavu, akafa kwa kulowana hatua tano kutoka kwenye kitanda chake.

Kilichonifungua mdomo ni tangazo jingine la mafanikio. Mchoro wangu unachukuliwa, zitajengwa nyumba kama ile kwa familia mpya zinazotoka Kabazana. Plan ile ile na ukuta ule ule. Kwenye faili imeambatanishwa fomu yangu: wakazi walihojiwa, mlango mmoja unatosha.

Nikaenda ofisini kwa mwalimu, nikamwambia yote, mpaka uongo wa jukwaani.

Akavua miwani. "Kwa nini hukusema, nyabo?" Nyabo ni bibie kwao. Akakasirika, na alikuwa na haki. Kisha akasema, "Kesho tunaenda. Tunauliza hao watu wenyewe."

Tukaenda. Tukawakuta kwenye viwanja vyao, Wakongo na Warundi, wanakata vichaka. Mwalimu akafungua plan juu ya boneti akauliza kwa Kiswahili chake cha Uganda, "Nyinyi nataka mlango moja ama mbili?"

Wakatazamana. Mzee mmoja Mkongo akavua kofia. "Muheshimiwa, kile mutatupatia, siye tutasema aksanti tu."

Wote wakaitikia. Mwalimu akanigeukia, na niliona anaanza kuamini kwamba labda mlango mmoja unatosha kweli.

Basi nikaacha kuuliza. Nikavua kitambulisho, nikawaambia mimi ni mutoto wa hapa. Nikawasimulia. Nikataja jina la mukecuru, na fasi alikozikwa. Nikawaambia nilitia tiki mimi, na wageni niliowasubiri walikuwa wageni wangu.

Nilipomaliza nilidhani watanizomea.

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasogea kwenye boneti. Akaweka kidole kwenye ukuta wangu wa nyuma, katikati kabisa ya yale matundu.

"Mulango ukae hapa," akasema. "Na ufunguke kwa ndani bila ufunguo. Mutoto wa miaka mitano aweze."

Mwalimu akatoa kalamu akachora. Kisha wakaanza wote, kila mtu na lake, mpaka tukakosa nafasi kwenye karatasi.

Nilichojifunza si kikubwa, wakuu. Mtu asiye na pa kwenda atakuambia ndiyo. Ukiichukua hiyo ndiyo ukajengea, umemwibia. Na wewe uliyetoka hapo hapo ndiye mwizi mbaya zaidi, maana ulijua.

Chuo nimewaandikia wabadilishe ile habari. Wamesema wataangalia.

Karibuni mchangie. Mafundi, niambieni milango mnaiwekaje huko kwenu. Mliowahi kuhojiwa na watu wa miradi, niambieni lini mlisema ndiyo na mlikuwa mnataka kusema nini.

Wa kunitukana pia waje. Matusi nitayasoma yote, ila hongera naomba zikome.