Kiwanja cha Jumapili

Mfano wa jengo uko juu ya kabati, katika ofisi ya mipango miji, ghorofa ya pili ya halmashauri. Umetengenezwa kwa mbao nyepesi na karatasi ngumu: maktaba upande mmoja, ukumbi wa maigizo upande wa pili, na katikati chumba cha makumbusho chenye paa lililochongoka. Miti yake ya sponji ilikuwa ya kijani. Sasa ina rangi ya vumbi. Kila unaposhushwa, mwanamke anayeutunza huupangusa kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, kisha hupiga chafya.

Wenzake wanamwita Bi Kiwanja. Ni afisa mipango, mrefu, anayepanda ngazi polepole kwa sababu ya magoti, na sehemu kubwa ya utumishi wake imeishia katika kutafuta mahali pa kuliweka jengo hilo katikati ya mji. Michoro ilikamilika zamani. Kinachokosekana ni ardhi. Stendi ya zamani ilikubaliwa, kisha ikabainika kuwa nusu yake ni mali ya shirika la reli. Uwanja ulio nyuma ya mahakama nao ulikubaliwa, mvua ikanyesha, na wajumbe wakaletewa picha za mahakimu wakivushwa maji mgongoni. Kila baraza jipya linapoingia huunda kamati mpya, nayo kamati humuuliza swali lilelile: kwani tatizo hasa ni nini?

"Siku hizi sijibu," alimwambia karani wake. "Nakohoa tu."

Alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Hakutaka sherehe wala saa ya ukutani. Alitaka kiwanja kimoja kipitishwe wakati bado anao ufunguo wa ofisi.

Kamati ya mwisho aliyofanya nayo kazi ilikuwa na utaratibu wake. Mwenyekiti alikuwa na duka la dawa, mwanasheria wa halmashauri alikuwa na kesi, mwalimu mstaafu alikuwa na wajukuu wa kulea. Kwa hiyo viwanja vilikaguliwa Jumapili alasiri. Jumapili maegesho yanapatikana. Maduka yamefungwa, na mbwa anajilaza katikati ya barabara kama mwenye hatimiliki. Ni katika Jumapili ya namna hiyo kamati ilipofika kwenye uwanja wa ghala lililobomolewa, ikaupenda papo hapo. Nafasi ilitosha, kituo cha mabasi kilikuwa jirani, benki ng'ambo ya barabara.

"Hebu sikilizeni kimya hiki," mwenyekiti alisema, mikono kiunoni. "Hapa hata mimi ningesoma."

Ukuta wa mashariki wa uwanja ule unapakana na safu ya mabanda ya mafundi bati. Jumapili mabanda hufungwa kwa minyororo. Siku nyingine zote hapo hutengenezwa masanduku, ndoo na mifereji ya maji ya mvua, na banda la kwanza kabisa ni la kaka yake Bi Kiwanja.

"Mwenyekiti," alisema, "tuje tena siku ya kazi kabla ya kupiga kura."

"Mama, sasa unatafuta sababu?"

"Natafuta kiwanja."

Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande. Ikapangwa Jumanne ya juma la pili yake, asubuhi, na kura ipigwe palepale.

Jumamosi Bi Kiwanja alikwenda kwa kaka yake. Fundi huyo amegonga bati tangu ujana wake, masikio yamechoka, na huongea kama mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya mto.

"Jumanne nakuja na kamati," alimwambia. "Kwenye uwanja wa ghala."

"Karibuni! Wameupenda?"

"Wameupenda mno. Hawajauona siku ya kazi."

"Basi mdogo wangu, usiwe na wasiwasi. Niachie mimi."

Alikuwa amechoka, hakuuliza amwachie nini.

Jumanne walipofika, palikuwa kimya. Mafundi walikuwa wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, mikono mapajani, kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Kaka yake alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, akamkonyeza dada yake kutoka kwenye pengo la ukuta. Mfano wa jengo uliwekwa juu ya meza ya plastiki katikati ya uwanja. Mwenyekiti akauzunguka mara moja, ameridhika.

"Mnaona wenyewe. Siku ya kazi, na bado ni kimya. Wanaokubali kiwanja hiki…"

"Naomba dakika moja," alisema Bi Kiwanja, akatembea hadi kwenye pengo.

"Kaka, mbona hamfanyi kazi?"

"Tufanye kazi wageni wapo?" Kamati nzima ilimsikia. "Nimewaambia wote hapa, leo ni siku ya dada yangu. Nyundo chini mpaka waondoke."

"Na wakishajenga?"

"Si wajenge? Tutawauzia mifereji."

"Kaka, mle ndani watu watakuwa wanasoma. Kutwa, kila siku. Nyundo zitakaa chini mpaka lini?"

Fundi alitazama mfano wa jengo mezani, kisha mabanda. Kwa mara ya kwanza aliteremsha sauti.

"Kwani watatutoa?"

"Mwanzo watawaomba mpunguze kelele. Baadaye watawaandikia barua. Na mimi sitakuwepo ofisini."

"Lakini wewe si ndiye uliyekitaka kiwanja hiki?"

"Nakitaka mpaka sasa."

"Sasa wataka nifanye nini?"

"Piga, kaka."

Alimwangalia dada yake kwanza, labda akingoja acheke. Kisha akachukua nyundo, akalaza bati juu ya chuma, akapiga. Wenzake walipoona mkubwa wao ameanza, nao wakainuka. Sauti iliruka ukuta, ikagonga benki, ikarudi. Mezani mti mmoja wa sponji ulitikisika hadi ukaanguka.

"Hapa mtu atasoma nini?" mwalimu mstaafu alipiga kelele, vidole masikioni. "Labda tangazo la zimamoto!"

Nyundo zilipopumzika, mwenyekiti aligeuka kwa mwanasheria. "Si wahamishwe?"

"Hawa ni wapangaji wa halmashauri, na mkataba wanao. Kabla ya kuwahamisha lazima tuwatafutie kiwanja kingine mjini humuhumu."

"Atakitafuta nani?"

Wote wakamgeukia Bi Kiwanja. Mwalimu mstaafu alianza kucheka, akajizuia.

Kiwanja kiliondolewa kwa kura zote. Wakati wa kuingia garini, mwenyekiti alimwambia, bila ukali, "Ungekaa kimya tu, mama, saa hizi ungekuwa na kiwanja chako."

"Najua."

Kaka yake alimnunia. Alikuwa amewabembeleza mafundi wote wapoteze asubuhi yao, kisha dada mtu akamwamrisha mbele ya wakubwa kama mtoto. Hakupokea simu, na salamu alizituma kupitia kwa mkewe, nazo zilikuwa fupi.

Katika juma la mwisho la Bi Kiwanja kazini, watu wa ghorofa ya pili walisikia kitu kikigonga kila ngazi. Fundi aliingia akihema, amebeba sanduku jipya la bati, kubwa, lenye vishikio pande zote mbili.

"Mnalibeba lile jengo kwenye meza kama maiti," alisema. "Weka humu."

"Hatulibebi tena, kaka. Hakuna pa kulipeleka."

"Itakuja kamati nyingine. Weka."

Walilishusha pamoja kutoka juu ya kabati. Maktaba iliingia, ukumbi uliingia, lakini kifuniko kiligoma kufunga. Paa la makumbusho lilikuwa limezidi.

"Ulipimaje?" aliuliza dada.

"Kwa jicho. Siku ile, kutoka kwangu."

"Ulikosea."

"Nilikuwa na hasira."

Bi Kiwanja alilibandua paa taratibu kwa wembe, akalizungushia kile kitambaa cha kupangusia, akalilaza pembeni ya ukumbi. Sasa kifuniko kilifunga. Kaka yake akakigonga kwa konzi kuhakikisha, na mlio ukaenda hadi mwisho wa korido. Mtu mmoja akafungua mlango, akachungulia, akaufunga tena.

Sanduku lilibaki sakafuni, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulirudisha juu. Bi Kiwanja aliweka ufunguo wa ofisi juu ya kifuniko, mahali ambapo karani angeuona, akamshika kaka yake mkono, wakaanza kushuka ngazi.