Tangi la Pili

Mawese yakipata moto katika gereji yangu, hapa mtaa wa Saio, wateja husema wanasikia njaa. Mimi nina diploma niliyoitafuta mbali kwa jasho langu, na katika Bunia nzima sijaona mwingine anayegeuza injini ya mazutu, yaani dizeli, ikanywa mawese bila kukohoa. Lakini harufu ile ikinifikia, ulimi wangu hukauka.

Baba alikuwa na gari kuukuu lenye kitanda na jiko ndani. Mazutu yalipoadimika, alinunua sokoni tangi la pili, lililokwisha kutumika, akalifunga chini ya kitanda, akalijaza mawese. Vita vilisemekana vimekwisha, ila vizuizi vilibaki. Siku moja, nikiwa mtoto, tukisafiri na mama kwenye njia ya Nyankunde, askari wa kizuizini aliinua godoro.

“Muzee, hii mazutu unapelekea watu ya pori?”

Waliokamatwa kwa kosa la kuwapelekea waasi mafuta hawakurudi nyumbani.

“Ni mawese, chef. Ndiyo inatembeza motokari.”

“Motokari inakula mawese? Unaniona mujinga?”

Mama alichota mafuta tangini, akawasha jiko, akakaanga ndizi, akampa. Askari hakuzigusa. Alininyooshea kidole.

“Mutoto akule kwanza.”

Nilikula. Askari alingoja, kisha akacheka, akala zilizobaki na kutufungulia njia.

Lakini nilipokuwa ninameza, nilimwona baba. Alilitazama koo langu kwa makini kuliko askari mwenyewe, kama mtu asiyejua tangi lile lilibeba nini kabla hajalinunua.

Matangi ninayofunga mimi ni mapya, yote.