Kasha Mbele ya Pazia

Mama mkwe wangu alikuja Nairobi kumlea mjukuu ambaye hakuweza kumfikia. Hakuna aliyemkataza. Alijikataza mwenyewe, akisaidiwa na mila ya kwetu magharibi inayosema kwamba mama hakanyagi mahali anapolala mkwewe wa kiume, wala hatupi jicho kitandani kwake. Kijijini hilo si tatizo, maana nyumba ina vyumba na mama mkwe ana sababu chache za kupita huko. Sisi tulikuwa na chumba kimoja mtaani Kaloleni, na chumba chetu cha kulala kilikuwa pazia la maua mekundu lililoning'inia kwenye waya. Mbele ya pazia palikuwa na viti, meza na jiko. Nyuma yake palikuwa na kitanda, sanduku la nguo, na mtoto.

Usiku mama alilala kwa jirani, mjane aliyeuza mboga sokoni Muthurwa. Mchana alikaa kwetu, upande wa mbele. Kula mbele yangu hakuli, nami mbele yake sili, kwa hiyo nikawa mteja mwaminifu wa nyama choma ya soko la Burma na nikanenepa kwa ajili ya adabu. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilitaka tangu siku ya kwanza, ila lilikuwa nyuma ya pazia.

Na jembe lenyewe halikuwa la mzaha. Mke wangu alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati Industrial Area. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inakwisha, na msimamizi alikuwa ameshamwambia kwamba asipoonekana Jumatatu asubuhi, cherehani yake itapata mtu mwingine. Wa kumwachia kazi ya kulea alikuwa mmoja tu duniani, na huyo hakuweza kwenda kilipokuwa kitanda.

"Mama, wewe pita tu," mke wangu alimwambia. "Mwenyewe hayupo."

"Kitanda chake kipo," mama akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na balaa langu kazini. Nilikuwa mwandishi wa programu katika kiwanda cha blanketi, na kazi hiyo, miaka ile ya themanini, mtaani hakuna aliyeielewa. Waliamua mimi ni fundi wa televisheni asiye na televisheni. Tulikuwa na kompyuta moja, kubwa kama kabati la nguo, na kwa ushauri wangu ilikuwa imetoka kuongezewa kumbukumbu. Kutoka siku hiyo ikaanza wazimu. Oda ya blanketi za shule ya bweni ilichapwa ikiwa na zamu za walinzi katikati yake. Meneja wa mauzo aliniita akaniuliza kama siku hizi tunauza na askari.

Chanzo nilikipata baada ya kukesha na kukasirika. Diski yetu ilikuwa ya zamani. Ilikuwa na ruhusa ya kuandika ndani ya kumbukumbu moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, lakini nyaya zake zilijua kuhesabu anwani mpaka mahali fulani tu. Ukiituma nyumba nambari mia moja na kumi na mbili, iliidondosha ile mia, ikaupeleka mzigo nyumba ya kumi na mbili, ikaumwaga juu ya chochote kilichokuwamo, bila hodi. Diski haikuwa na kosa, ilifika mkono wake ulipofika. Kosa lilikuwa la kiini cha mfumo, yaani ile programu inayozitawala nyingine zote na kuzigawia kumbukumbu. Kiini kiligawa nafasi za juu na za chini bila kuuliza nani anafika wapi. Na mtunzaji wa kiini nilikuwa mimi.

"Chomoa hiyo memori mpya, tulale," alishauri fundi mwenzangu, kijana wa Murang'a. Habari za nyumbani nilikuwa nimemsimulia pia. "Na huyo mathe, si umwambie apite tu? Hapa ni Nairobi, bwana."

"Mama mkwe wako anakaa wapi?" nikamuuliza.

"Murang'a."

"Ndiyo maana."

Jumamosi nilikaa mlangoni nikijifanya nasoma gazeti, nikimtazama mke wangu akienda na kurudi. Mbele ya pazia alikuwa ameweka kasha la mbao, la matunda, alilolipata kwa jirani. Chupa ya maziwa ilitoka nyuma ikawekwa kwenye kasha, mama akaichukua hapo. Nepi ikatoka, ikawekwa. Mtoto akatoka, akawekwa. Mama akishamaliza naye alimrudisha kwenye kasha, na binti yake akampeleka nyuma. Hakuna aliyevuka mpaka, na mtoto alishiba.

Nikaliacha gazeti, nikaenda kazini Jumamosi ile kama mtu aliyeitwa na moto. Nilitenga kipande kidogo cha kumbukumbu ya chini, mahali diski inapofika. Diski iweke mzigo hapo. Kiini kiuchukue, kiunakili juu unakotakiwa. Mzigo wa kwenda kwenye diski ushuke kwa njia hiyohiyo. Kazi mara mbili, na mashine ikawa nzito kidogo, lakini walinzi walitoka kwenye blanketi za watoto wa shule. Ndani ya programu kipande kile nilikipa jina la kasha. Meneja alinipongeza kwa kusoma vitabu vingi.

Jumatatu mke wangu alirudi kwenye cherehani yake. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kasha likatandikwa blanketi lenye kasoro kutoka kiwandani, na kila asubuhi, kabla hatujatoka, mtoto na vitu vyake vyote vya siku vinahamishiwa mbele. Jumatatu ikapita salama, na Jumanne. Nikaanza kutembea mtaani kama mtu mwenye akili.

Jumatano ikanyesha. Nepi hazikuwa zimekauka, na mama, kwa busara yake, alizirundika ndani ya kasha karibu na joto la jiko. Mke wangu alikuwa ametoka mapema. Nilimtoa mtoto nyuma, nikakuta kasha limejaa, na kumkabidhi mama mkononi nako adabu haikuruhusu, nikamrudisha kitandani akiwa usingizini nikisubiri nepi zipate pengine pa kukaa. Hapo hodi ikapigwa. Dereva wa kiwanda: mashine imesimama, meneja anapiga kelele. Nikamuaga mama huku nikitazama sakafu, kama adabu inavyotaka, nikaondoka.

Kufika, mashine haikuwa na ugonjwa wowote.

"Imekwama?" meneja aliuliza.

"Haijakwama, mzee. Inasubiri," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa na maringo. "Kazi nyingi zimeita diski kwa pamoja. Kasha limejaa, kwa hiyo zilizobaki zimeambiwa zingoje. Hakuna kitakachopotea."

Nilikuwa sijafunga mdomo nilipokumbuka nilikomwacha mwanangu.

Mashine husubiri. Mtoto wa miezi miwili hana subira ya namna hiyo. Jirani alikuwa Muthurwa na mboga zake. Nilitoka Industrial Area mbio katika mvua ile, nikavuka reli, viatu vikiwa vizito kwa tope, nikimwona mama amesimama mbele ya pazia, mtoto akilia upande wa pili, na yeye akimbembeleza kwa sauti tu. Nilijua pia kitakachofuata. Mke wangu akisikia habari hiyo hatatoka tena nyumbani, na cherehani itakwenda kwa mwingine. Niliogopa, na nilijichukia.

Kitu cha kwanza nilichokiona Kaloleni kilikuwa pazia letu. Lilikuwa limeanikwa nje kwenye kamba, kwenye mvua, likichuruzika maji.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi akiangalia nje, mgongo ameupa kitanda, na mtoto yuko mapajani mwake akinyonya chupa. Nyuma yake waya ulikuwa mtupu na kitanda changu kilikuwa peupe, hakijatandikwa, suruali yangu juu yake. Sikujua pa kuweka macho. Nikageuka nami nikatazama nje.

"Pazia lenu lilikuwa chafu, mkwe," akasema. "Nimelifua."

"Asante, mama."

"Mvua hii italichelewesha kukauka."

"Italichelewesha kweli."

Baadaye alimweleza binti yake kwamba pazia likiwa ndani ya karai hakuna chumba cha kulala, kuna chumba kimoja cha kuketi, na mgeni hakatazwi kuketi. Hata hivyo alikwenda kinyumenyume, macho mlangoni, mkono ukipapasa nyuma mpaka ukashika mguu wa mtoto. Saa ile nilimpenda mama yule kupita kiasi. Kwetu hakuna njia ya kumwambia mama mkwe neno kama hilo, kwa hiyo nilimwambia nitaleta sabuni.

Jioni mke wangu alilikuta pazia bado linadondoka. Yeye mwenyewe alikuwa amelifua Jumamosi iliyopita. Akalishika, akanitazama, akamtazama mama yake.

"Mama ana bidii," akasema, akalitundika hivyohivyo na ubichi wake.

Kasha la kazini nililipanua wiki ile. La nyumbani likabaki la kuwekea nepi. Kila siku ya kazi, mke wangu akishatoka na mimi nikishatoka, pazia lilikuwa chafu na likafuliwa, na kila jioni tulilitundika tukashukuru. Mtoto alipoanza kutambaa, akapita mwenyewe chini yake kumfuata nyanya yake, maua yote mekundu yalikuwa yameshafutika kwa kufuliwa, na nguo ile ilikuwa nyepesi kiasi kwamba ukikaa mbele ulikiona kitanda chote.