Habari za Saa Saba Nilizompa Nekesa

Mkinicheka, nichekeni polepole, maana kosa lenyewe lilikuwa tamu.

Mjukuu wangu Nekesa alikuwa ameitwa intavyuu ya chuo cha askari wa wanyamapori. Huko huulizwa mambo ya siku hizi: uchumi, utalii, ndovu. Mchana yuko kiwandani mtaa wa Baba Dogo, kwa hivyo kusikiliza habari za saa saba ilikuwa kazi yangu. Shule sikuiona sana, lakini masikio ninayo, na mtaa wetu mzima wa Lucky Summer ulijua mtoto anafundishwa na mimi.

Siku moja jua lilichoma mabati mpaka nyumba ikawa nzito, na kope zangu pia. Nikaegemea redio. Sauti ikaniambia taratibu kwamba pesa za watalii sasa zitagawiwa wakulima waliokanyagiwa mahindi na ndovu. Niliyaona hata mahindi yenyewe, yakiinuka tena. Jioni nikampa Nekesa habari hiyo, akaishika.

Jana alirudi kutoka intavyuu, hata viatu hakuvua.

"Kukhu, wale wakubwa wametazamana. Hakuna aliyeisikia hiyo habari. Nikawaambia nyanya yangu hadanganyi."

"Na sidanganyi. Niliisikia kwa masikio haya."

"Ilisomwa na nani?"

"Yule wa sauti nyororo. Alinisalimia kwa jina, akaniomba nikunje miguu ndovu wapite."

Nekesa akaketi.

"Wapite wapi, Kukhu?"

Nikautazama mlango wetu, ule mwembamba uliokataa kupitisha kabati.

"Hapa," nikasema.