Kasuku Walioitikia Hodi

Nyumba yetu ya Mabanga ilikuwa ya mbao, na ndege wale walikula mbao. Mzungu wa kahawa hakuniambia hilo aliponiachia tundu lake. Nilikuwa karani kiwandani kwake. Uporaji ulipoanza mjini alifunga masanduku, akanionyesha kasuku wake wawili weupe, wakubwa kama kuku, wenye kishungi cha manjano kinachosimama wakikasirika. Yeye aliwaita kakatoe. Nilirudi nao nyumbani nikijivuna kama mtu aliyerithi gari.

Kila alfajiri, na tena jua likikaribia kuzama, walipiga kelele za kupasua bati. Mama aliyeuza makaa ng'ambo ya njia alinisimamisha.

"Muzee, unapigaka nani kila asubuhi?"

"Ni ndege, mama."

"Ndege gani inalia sawa mutu wanamungoa meno?"

Mke wangu alikulia milima ya Masisi, kati ya ng'ombe ambao, alisema, hulia kwa adabu. Wale kasuku yeye aliwaita wake wenzake. Walipomaliza fremu ya dirisha aliniomba niwaondoe, nami nikapigilia kipande cha bati palipokuwa na fremu, nikaona nimejibu.

Dume hakujifunza neno lolote. Jike alijifunza mawili. La kwanza nilimfundisha mimi: mtu akibisha "Hodi!" yeye aitikie "Karibu! Ingia!" Wageni walicheka mpaka wakaketi chini. La pili hakufundishwa na mtu. Mdogo wake mke wangu, kijana aliyesukuma viazi kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, aliishi nasi. Kila asubuhi aliingia jikoni, akakohoa kidogo, akamuuliza dada yake: "Yaya, chai iko?" Ndege akayachukua maneno pamoja na kikohozi. Mara nyingi mke wangu alimimina kikombe, akageuka, akakuta jikoni hakuna mtu ila ndege. Kijana alicheka: "Yaya, mimi unaninyima, ndege unaipa!"

Kisha uasi. Sitasema ni upi. Kwetu uasi ulifuata uasi, na kila mmoja ulitafuta mabega ya kubeba risasi. Wenye bunduki walipopita nyumba kwa nyumba kuchukua wanaume, mtaa mzima ulijua la kufanya: unafunga kadena, ile kufuli ya nje, kwenye mlango wa mbele, unaingia kwa mlango wa nyuma, unanyamaza. Nyumba inaonekana haina watu.

"Watoe," mke wangu alisema. "Peleka kwa choo, kwa shamba, fasi yoyote, lakini si humu."

Nilifunika tundu kwa blanketi. Nilimwambia kwamba gizani wanalala.

Ilikuwa mchana. Tulisikia viatu, kisha sauti mlangoni: "Hodi!"

Tulizuia pumzi. Kijana alinitazama, akatabasamu kama kunituliza.

"Hodi humu!"

Na chini ya blanketi: "Karibu! Ingia!"

Nje walicheka. "Kadena iko inje, mutu iko ndani! Tumekaribishwa, tuingie."

Mlango ulianguka kwa teke moja. Mimi waliniangalia mgongo, wakaona hautabeba kitu, wakaniacha. Walimchukua yeye. Baadaye watu walisema walimwona na mzigo kichwani kwenye barabara ya Bunagana. Hakurudi.

Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno. Ila kesho yake asubuhi ndege alikohoa, akauliza: "Yaya, chai iko?" Birika lilimponyoka.

Tangu siku ile sikutulia. Nilitoka kitandani kabla ya mwangaza, nikazunguka uani ili nisiwepo ndege akiamka. Niliwaza kumuuza. Nilipomwambia mke wangu alisema tu, "Muache." Nilidhani ananiadhibu. Sikuuliza.

Halafu mlima wa volkano ukapasuka. Moto ulishuka mjini. Moshi ulisimama upande wa Murara, na watu walipita mbio na magodoro vichwani. Mke wangu alitangulia na watoto kwenda mpakani, mimi nikabaki kukusanya vitu. Nilisimama mbele ya tundu. Nikafikiri: leo nimpe mke wangu kile alichoniomba miaka yote. Nikafungua. Dume aliruka mara moja. Jike aling'ang'ania kijiti chake, ikabidi nimtikise mpaka atoke. Nikabeba mfuko wa unga.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Gisenyi, mke wangu alitazama mikono yangu kabla ya kunitazama usoni.

"Ndege iko wapi?"

"Nimewafungulia. Pumzika sasa, mama."

Aliketi juu ya ule mfuko. "Papa," alisema polepole, "ile ilikuwa sauti ya mudogo wangu. Nilibakia na ile tu."

Tulijenga tena, mbao tena, juu ya jiwe jeusi lililoachwa na ule moto. Nimesikia kwamba ndege wa aina ile huishi miaka mingi kuliko mtu, na sijui kama kusikia hivyo kunanisaidia. Jioni siwezi kukaa. Natembea penye miti mikubwa karibu na ziwa, nasimama chini, nasema, "Hodi!" Watoto wamenizoea: "Muzee anabisha kwa miti! Muzee, miti imetoka, imeenda soko!"

Nikirudi, mke wangu haniulizi nilikuwa wapi. Anaweka birika motoni.

"Imeitika?"

"Bado."

"Utapita fasi ingine kesho," anasema.